Besi Hahesabu Fimbo

Mtu akitangaza leo kwamba anataka kuanza kuvua besi, ushauri wa kwanza atakaopewa ni orodha ya ununuzi. Ataambiwa anahitaji fimbo ya minyoo ya plastiki, fimbo ya jigi, fimbo ya spinabeti, fimbo laini ya krenkibeti, fimbo fupi ya vyambo vinavyoelea, na fimbo nene ya kuingia nayo kwenye magugu. Kila chambo na fimbo yake, ndilo fundisho. Nyuma yake hufuata fundisho la pili: fimbo ya spini ni ya watoto na wanagenzi, na mvuvi aliyekomaa hutumia rili ya ngoma. Mafundisho haya yamerudiwa mno, hata wengi wanayachukua kama sheria ya maumbile.

Nayapinga yote mawili. Nasema kwamba mvuvi wa besi asiyelipwa kwa kuvua, awe kwenye mashua Naivasha au kwenye ukingo wa bwawa huko Texas, anahitaji fimbo moja tu ya spini iliyochaguliwa kwa akili: yenye urefu wa futi 7, yaani sentimita 213 hivi, ugumu wa kati, na inayopinda sehemu ya juu karibu na ncha. Akishaipata, fedha iliyobaki aitumie kwa vyambo, mshipi mzuri na nauli ya kufika majini. Sisemi hivyo ili kumfariji asiye na uwezo. Hata mwenye uwezo wa kununua fimbo kumi atavua vizuri zaidi akianza na moja na kukaa nayo.

Kwa asiyezifahamu rili hizi: ya spini huning'inia chini ya mpini, na bobini yake haizunguki wakati wa kurusha, mshipi hujifungua wenyewe kwa kupita ukingoni mwa bobini. Rili ya ngoma hukaa juu ya mpini, na ngoma yake lazima izunguke ndipo mshipi utoke. Tofauti hiyo moja imezaa nusu ya malumbano haya.

Na besi si samaki wa mbali kwetu. Besi wa mdomo mkubwa ni mzaliwa wa Amerika Kaskazini, lakini alipandikizwa katika Ziwa Naivasha mwishoni mwa miaka ya 1920, na vizazi vyake vingalimo. Mwaka 1970 ziwa hilo liliingiziwa pia kamba wa maji baridi kutoka Louisiana, nao wakawa chakula kikubwa cha besi. Besi huwinda kwa kuvizia: hujificha kivulini kwenye mafunjo, chini ya gugumaji, au kwenye mashina ya migunga iliyozama ziwa lilipofurika miaka ya karibuni, kisha hufumua mdomo na kukimeza kilichopita karibu. Marekani kwenyewe, ambako wasemaji wengi wa Kiswahili wamehamia, hupatikana katika kila jimbo isipokuwa Alaska. Kwa hiyo swali la fimbo gani ya kumvulia linawahusu wasomaji wa pande zote mbili za bahari.

Tuanze na chanzo cha fundisho lenyewe, kwa sababu halikutoka kwa samaki. Mwezi Juni 1967, Ray Scott, muuza bima kutoka Alabama, aliandaa mashindano ya kuvua besi katika Ziwa Beaver, jimbo la Arkansas. Mwaka uliofuata akaanzisha jumuiya ya B.A.S.S., na mwaka 1971 fainali ya kwanza ya jumuiya hiyo, Bassmaster Classic, ikafanyika katika Ziwa Mead, Nevada. Hapo ndipo uvuvi wa besi ulipopata saa, mizani, zawadi za fedha na mabingwa. Hapo pia ndipo ilipozaliwa picha inayotutawala hadi leo: boti ya kasi yenye fimbo nyingi zimelazwa kwenye sitaha, kila moja imeshafungwa chambo chake.

Itazameni picha hiyo vizuri. Mshindani ana saa chache, na kwa kawaida hupimiwa samaki watano walio bora zaidi. Kufungua chambo kimoja na kufunga kingine kunamla dakika, na dakika hizo huenda ndizo samaki walikuwa wanakula. Hivyo huvifunga vyambo vyake vyote usiku, na asubuhi hubadilisha fimbo badala ya kubadilisha fundo. Fimbo zile nyingi ni njia ya kununua muda. Wala hakuzinunua zote, maana mabingwa wengi hupewa vifaa na kampuni zinazowadhamini ili sisi tuwaone navyo na tuvitamani. Siwalaumu, hiyo ni kazi yao na wanaifanya kwa ustadi mkubwa. Ninacholaumu ni sisi kuchukua mahitaji ya kazi yao na kuyafanya masharti ya burudani yetu. Aliyekuja ziwani Jumamosi na familia yake hashindani na saa. Dakika 2 za kufunga fundo jipya hazimgharimu chochote. Tena mara nyingi humpa nafasi ya kuyatazama maji na kujiuliza kwa nini chambo cha kwanza kilikataliwa.

Na kabla ya mashindano hayo, watu walivuaje? Tarehe 2 Juni 1932, katika Ziwa Montgomery, jimbo la Georgia, kijana mkulima aitwaye George Perry alimtoa besi wa pauni 22 na aunsi 4, sawa na kilo 10 na kidogo. Uzito huo haujavunjwa. Manabu Kurita aliufikia mwaka 2009 katika Ziwa Biwa, Japani, lakini hakuupita kwa kiasi ambacho kanuni zinadai, kwa hiyo wawili hao wanaishiriki rekodi. Inasimuliwa kwamba siku ile Perry na rafiki yake walikuwa na fimbo moja na chambo kimoja kati yao wawili, wakipokezana: huyu anarusha, yule anapiga kasia. Ilikuwa miaka ya dhiki kuu ya uchumi, na samaki yule aliishia chunguni. Mtetezi wa rili ya ngoma atanikumbusha kwamba fimbo ya Perry ilikuwa na rili ya aina hiyo. Kweli, kwa kuwa wakati ule spini ilikuwa haijasambaa Marekani. Simtaji Perry ili kuitetea rili yoyote. Namtaja kwa sababu rekodi kubwa kuliko zote katika uvuvi huu iliwekwa na mtu aliyekuwa na fimbo moja, tena ya kuazimana.

Sasa nije kwenye dharau dhidi ya spini, maana hiyo ina historia inayoeleweka, na ukiielewa utaona kwamba muda wake umekwisha. Rili ya bobini isiyozunguka ilipata hataza Uingereza mwaka 1905, mikononi mwa Alfred Illingworth, mwenye viwanda vya nguo wa Bradford aliyekuwa akiziona bobini za nyuzi kila siku. Marekani ilienea baada ya Vita Kuu ya Pili, hasa kwa rili zilizotoka Ufaransa. Ilipofika ilikuta mshipi wa nailoni, na hapo ikapata doa. Nailoni yenye nguvu ya kumtoa besi mkubwa kwenye magugu ni nene na kaidi. Ukiizungushia bobini ndogo hujikunja kama springi na kuruka ovyo. Kwa hiyo spini ilifungwa nailoni nyembamba, nailoni nyembamba ilikatika kwenye mashina, na wavuvi wakahitimisha kwamba kifaa chenyewe ni dhaifu. Rili ya ngoma iliubeba mshipi mnene bila taabu, ikapewa heshima yote.

Hoja hiyo ilikuwa sahihi kwa wakati wake. Lakini katika miaka ya 1990 mshipi wa kusukwa kwa nyuzi za polietilini ulienea madukani, na mizani ikageuka. Mshipi wa kusukwa wenye nguvu ya pauni 15, karibu kilo 7, una unene unaokaribiana na nailoni ya pauni 4. Ni laini kama uzi wa kushonea, haujikunji, na haunyumbuki. Ghafla spini ikaweza kubeba nguvu iliyokuwa ya rili ya ngoma peke yake, bila kupoteza wepesi wake. Anayesema leo kwamba spini haiwezi kumtoa besi mkubwa anasema jambo la mwaka 1975. Hata mabingwa wamelijua hilo. Mtindo wa kuning'iniza chambo kidogo juu ya chubwi, uliotoka Japani na kuingia California mwishoni mwa karne iliyopita, hufanywa kwa spini. Mtindo wa Ned Kehde wa Kansas, wa kukokota kipande kifupi cha plastiki chini ya maji kwa jigi nyepesi, hufanywa kwa spini. Na tangu mitambo ya sona inayoonyesha samaki akiogelea mbele ya boti ilipoenea, fimbo za spini zimejaa kwenye sitaha zilezile zilizokuwa zikizicheka.

Zaidi ya hayo, spini ina faida ambayo rili ya ngoma haiwezi kuipata kwa maumbile yake. Ngoma ni kitu kizito kinachopaswa kuanza kuzunguka na kisha kusimama. Chambo kikiwa chepesi hakina nguvu ya kuizungusha. Kikipigwa na upepo wa mbele hupunguza mwendo huku ngoma ikiendelea, na mshipi hujaa juu yake ukawa kiota cha ndege. Wanaolijua Ziwa Naivasha wanajua jinsi upepo wa alasiri unavyoyachafua maji. Katika upepo huo, bobini isiyozunguka haina cha kuendelea kuzunguka. Vilevile spini hutupa chambo kwa mkono mfupi kutoka ubavuni, kikateleza juu ya maji na kuingia chini ya matawi yanayoinama, mahali hasa anapolala besi jua likiwa kali. Na mgeni anayeanza atavua siku ya kwanza, badala ya kushinda akifumbua vifundo.

Sasa tulikabili fundisho lenyewe la kila chambo na fimbo yake. Watetezi wake si wajinga. Wanasema kila fimbo ina mambo mawili: ugumu, yaani kiasi cha nguvu kinachohitajika kuipinda; na mpindo, yaani mahali inapopindia. Inayopinda nchani hupeleka nguvu haraka kwenye ndoana na kusikia vizuri kinachogusa chambo. Inayopinda hadi katikati huchelewa, hunyumbuka, na humshika samaki kwa upole. Mnyoo wa plastiki hufungwa ndoana moja nene iliyofichwa ndani ya plastiki. Inahitaji pigo kali ili itoboe plastiki kwanza na mdomo baadaye. Krenkibeti ina ndoana nyembamba za meno matatu zinazoshika ngozi tu ya mdomo. Pigo kali huzing'oa. Kwa hiyo, wanahitimisha, fimbo moja haiwezi kufanya kazi zote mbili.

Hii ndiyo hoja yao yenye nguvu kuliko zote, nami naiheshimu. Lakini ina kasoro mbili.

Ya kwanza ni kwamba inaitazama fimbo peke yake. Samaki hatolewi na fimbo; hutolewa na mnyororo wa vitu vitano: mkono, fimbo, breki ya rili, mshipi na ndoana. Ukibadilisha kimoja, umebadilisha vyote. Kwenye mshipi wa kusukwa, ambao haunyumbuki, fimbo ya ugumu wa kati hupeleka pigo kwa ukali ambao zamani ulihitaji fimbo nzito yenye nailoni. Hivyo mnyoo wa plastiki hupigwa vyema, hasa ukichagua ndoana yenye waya wa unene wa wastani badala ya ile nene kama msumari. Ukitaka kuvua kwa ndoana za meno matatu, legeza breki kidogo, usipige kwa nguvu bali uvute kwa kunyoosha, na mbele ya mshipi wa kusukwa funga mita 2 au 3 za nailoni, ambayo hunyumbuka. Umepata upole ule ule uliokuwa unauzwa kama fimbo ya pili. Fimbo ya kati hukubali marekebisho haya kwa pande zote mbili kwa sababu iko katikati. Nzito mno haitalainika, na laini mno haitakazana.

Kasoro ya pili ni ya hesabu. Pimeni vyambo vyenyewe. Mnyoo mnene wa sentimita 12 au 13, ukitobolewa kiunoni bila chubwi, una gramu 10 hivi. Mnyoo wa kawaida wenye chubwi ya mbele hubeba gramu 5 hadi 10 za risasi. Jigi ya kuvulia karibu na mawe ni gramu 10. Spinabeti ya kawaida ni gramu 10 hadi 14. Popa inayoelea na kumwaga maji kwa mdomo wake ni gramu 7 hadi 10. Samaki mwembamba wa plastiki ngumu wa kushtuashtua ni gramu 14 au pungufu. Krenkibeti inayopiga mbizi mita 1 au 2 haizidi hapo. Hata jigi nyepesi ya Ned, ikishavikwa plastiki yake, hufikia gramu 5 na zaidi. Sehemu kubwa kabisa ya vyambo anavyovitumia mvuvi wa kawaida iko kati ya gramu 5 na 15. Fimbo ya spini ya ugumu wa kati huandikwa kwenye ufito wake kwamba inabeba takribani gramu 5 hadi 18. Orodha ile ya fimbo sita ilijengwa kana kwamba vyambo vimetawanyika mbali kila kimoja na uzito wake, ilhali karibu vyote vinakaa katika chumba kimoja.

Kuna mahali ambapo fimbo hii itashindwa, na napaswa kupataja waziwazi. Besi aliyelala chini ya zulia zito la gugumaji hufikiwa kwa chubwi ya gramu 28 au zaidi inayotoboa zulia, na akishika hutolewa na magugu yake kwa mshipi wa kilo 20 au zaidi. Hapo pana kazi ya fimbo nzito na rili ya ngoma. Chura wa mpira anayekokotwa juu ya magugu mazito anadai hivyo hivyo. Samaki bandia wakubwa wa gramu 60 na 100 wana fimbo zao, na krenkibeti za kuzama mita 5 au 6 huichosha fimbo ya kati. Siyakani hayo. Ninachokataa ni kuyageuza kuwa mlango wa kuingilia. Zulia la magugu lina ukingo, na ukingoni ndipo besi anapotokea kuwinda asubuhi na jioni. Anayeanza avue ukingo. Miaka ikipita, akijikuta kila wiki anatamani kuingia katikati ya zulia, basi anunue fimbo ya pili kwa sababu anayoijua mwenyewe, si kwa sababu aliambiwa.

Kuna pia hoja ya ustadi, ambayo wenye kuuza fimbo sita hawaigusi. Besi mara nyingi hakiumi chambo. Hukifyonza pamoja na maji na kukitema ndani ya muda mfupi mno. Anachokisikia mvuvi ni mguso mdogo, au uzito uliobadilika, au mshipi uliolegea ghafla kwa sababu samaki anaogelea kumwelekea. Kuutofautisha mguso huo na jiwe, tawi au jani ni ujuzi wa mkono, na mkono hujifunza kwa kurudia kifaa kimoja. Kila fimbo ina lugha yake ya mitetemo. Anayehama kutoka fimbo hadi fimbo kila nusu saa huanza kujifunza upya kila mara, na mwishowe anazijua zote nusunusu. Anayeshika moja msimu mzima hufika mahali ambapo anajua, kabla ya kufikiri, kwamba hili ni jani na lile ni samaki. Vivyo hivyo na kurusha: kukiweka chambo hatua moja kutoka kwenye shina la mgunga kunataka mkono unaojua ufito wake unaachia wapi. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Hawakumkataza mkulima kuwa na jembe zuri. Walimkataza asishinde dukani msimu wa mvua unapopita.

Kwa hiyo chagua mara moja, na uchague vizuri. Haya ndiyo ya kuangalia.

Usiiamini herufi iliyoandikwa kwenye ufito. Hakuna kipimo cha pamoja kinachowabana watengenezaji, kwa hiyo M ya kampuni moja, inayomaanisha ugumu wa kati, inaweza kuwa ngumu kuliko MH, yaani ya kati kuelekea ngumu, ya kampuni nyingine. Soma uzito wa vyambo uliopendekezwa. Unataka inayoanzia gramu 5 au 7 na kuishia 18 hivi. Ikianzia gramu 2 itakuwa laini mno kwa ndoana ya mnyoo, na ikianzia 10 itakunyima vyambo vyepesi.

Urefu wa sentimita 213 ni wa kati kwa makusudi. Fimbo ndefu hurusha mbali na kukusanya mshipi uliolegea kwa haraka unapopiga ndoana. Fupi hupita vizuri chini ya matawi. Anayevua kwa miguu kwenye ukingo wenye miti mingi anaweza kushuka hadi sentimita 198, naye hatajuta. Anayevua kwenye mashua asishuke.

Mpindo uwe wa nchani, lakini usiwe wa nchani kabisa. Zile zinazopinda sentimita chache tu za mwisho hutangazwa kwa usikivu wao, nazo kweli husikia. Lakini ukizifunga mshipi wa kusukwa usionyumbuka, hakuna kitu chochote katika mnyororo mzima kinachonyumbuka, na samaki akitikisa kichwa karibu na mashua, ndoana hutoka. Fimbo inayofaa, ukiibonyeza ncha kwenye zulia la duka, hupinda theluthi yake ya juu kwanza, kisha hukaza ghafla.

Usishindane kutafuta iliyo nyepesi kuliko zote. Ufito wa kaboni ngumu sana ni mwepesi na msikivu, lakini hauvumilii kugongwa na chubwi, kukanyagwa au kuinamishwa kupita kiasi unapomnyanyua samaki kwa ncha. Kaboni ya kiwango cha kati inatosha. Ipime uwiano wake kwa kuifunga rili yako mwenyewe: ukiilaza juu ya kidole mbele kidogo ya kiti cha rili, isianguke upande wowote kwa haraka. Inayoelemea nchani itauchosha mkono kabla ya adhuhuri, hata kama ni nyepesi kwenye mizani.

Kagua pete. Funga jicho moja na utazame kupitia pete zote kutoka kwenye mpini. Zinapaswa kukaa kwenye mstari mmoja. Pitisha kipande cha pamba ndani ya kila moja. Ikinasa nyuzi za pamba, pana ufa, na ufa huo utaukata mshipi wa kusukwa kama wembe. Pete ya kwanza iwe pana na iwe na miguu mirefu, kwa sababu mshipi hutoka kwenye spini kwa mizunguko mipana na unahitaji kupungua taratibu.

Wala usimsikilize anayekwambia kwamba fimbo ya kipande kimoja ndiyo pekee ya kweli. Ushauri huo ulitoka kwa mwenye boti yenye sanduku refu la kuhifadhia. Anayetoka Nairobi kwenda Naivasha kwa matatu, au anayepanda ndege kumtembelea ndugu yake Minnesota, anahitaji fimbo ya vipande viwili. Viungo vya kisasa vimeshonana vizuri kiasi kwamba besi hatajua, na fimbo iliyofika majini ni bora kuliko iliyobaki nyumbani kwa kukosa nafasi.

Rili iwe ya ukubwa wa namba 2500 au 3000. Ijaze mshipi wa kusukwa wa pauni 10 hadi 15, na mbele yake funga kipande cha mshipi wa florokaboni cha pauni 8 hadi 12 chenye urefu wa mita 1 hadi 2: chembamba kwenye maji maangavu, kinene karibu na mashina. Hapo ndipo ubadilishaji wako wote ulipo. Wengine hubadilisha fimbo. Wewe badilisha kipande hicho, ndoana, na kaza au legeza breki. Breki ivutike kwa takribani robo ya nguvu ya sehemu dhaifu kuliko zote ya mshipi wako. Na kila baada ya kurusha, funga waya wa rili, ule unaoushika mshipi, kwa mkono wako badala ya kuuachia mpini wa rili uufunge. Utapunguza msokoto wa mshipi, lawama pekee ya haki ambayo wapinzani wa spini wamebaki nayo.

Mwisho, hesabu ya fedha. Marekani, fimbo nzuri ya spini na rili yake hupatikana kwa dola 150 hadi 200 hivi. Zizidishe kwa sita, na umefika kwenye bei inayomzuia kijana wa Naivasha, mwanafunzi wa Ohio na mama anayetaka kuwafundisha watoto wake, wote kwa pamoja, wasiujaribu uvuvi huu kamwe. Hili ndilo linalonikera kuliko yote. Fundisho la kila chambo na fimbo yake haliwadhuru wanaozinunua. Linawadhuru wanaosikia bei na kugeuka. Linawaambia kwamba maji si yao mpaka wawe na sitaha iliyojaa. Uongo huo ukirudiwa vya kutosha, unafunga mlango wa mchezo unaopaswa kuwa rahisi kuliko yote: mtu, fimbo, mshipi na maji.

Basi mwenye fimbo moja asiombe radhi mbele ya mwenye kumi. Aijue, aitunze, abadilishe chambo bila uvivu, na asome maji kabla ya kurusha. Besi hupima kivuli, kina, mwendo na ukubwa wa anachokiona mbele yake. Vitu hivyo vinne vyote viko mikononi mwa mvuvi mwenye fimbo moja, na hakuna cha tano ambacho fimbo ya pili itamwongezea mpaka hivyo vinne avimudu.